Nilikata Kaptura, Sikukata Uzi

Nyumba za reli, Nakuru
Jumapili alasiri, Septemba 1956

Baba mkwe,

Ulipenda kuniambia kwamba karani hawezi hata kupiga chafya bila kuandika. Basi naandika. Nina aibu kukuandikia, na aibu yangu ni kubwa zaidi kwa sababu maneno haya nilipaswa kuyaleta kwako ulipokuwa na masikio.

Binti yako Raeli amejifungua. Ni mtoto wa kiume, mweusi kama wewe, na analia kama mtu anayedai haki yake. Alizaliwa Julai, wiki chache baada ya kukuzika, na mpaka jana hakuwa na jina. Kila mtu kwenu alijua ataitwa Nathani, jina lako. Aliyekataa ni mimi baba yake. Nilikataa bila kutoa sababu. Raeli alilia, kisha akaacha kulia akawa hanisemeshi, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwani baba yangu alikukosea nini?" aliniuliza. Nikamwambia tungoje. Tungoje nini, sikusema.

Wewe unajua. Kwetu mtu hampi mwanawe jina la mkwe ambaye amemwona uchi na hajamfunika kwa blanketi.

Niruhusu niikumbuke siku ile ya ziwani jinsi ilivyokuwa, kwa kuwa katika diary yangu niliandika tu kwamba kulikuwa na mawingu na tulipata samaki mmoja mkubwa.

Nilikuja Naivasha kwa treni, wewe ukiwa na ruhusa ya kutumia mashua ndogo kwa sababu kambi ya uvuvi ulikofanya kazi haikuwa na wageni. Ulinipokea pale gatini na kitu umekificha nyuma ya mgongo, unacheka peke yako. Ukanionyesha. Mwavuli! Mwavuli mweusi wa mgeni fulani, uliosahauliwa kambini, umeuvua kitambaa chote na kubakiza mifupa mitano tu, imetanuka kama vidole vya mkono. Katika ncha ya kila mfupa ulikuwa umefunga uzi mfupi, na kwenye kila uzi kijiko kidogo ulichokigonga kutoka kwenye bati la kopo, unyoya wa kanga, na ndoana.

"Wazungu wanavuta kijiko kimoja," uliniambia. "Samaki anatazama, anasema, huyu mdogo mbona anatembea peke yake? Ni mgonjwa? Lakini akiona hawa, anasema, ah, familia nzima inakwenda harusini. Anaingia bila kadi."

Nikauliza kama haitoshi kuweka ndoana moja tu, ile ya katikati, na vijiko vingine viwe vya kuvutia macho. Ukanitazama kwa huruma. "Mkwe, wewe ulisoma ukashiba. Mimi nataka familia nzima."

Mashua ya makasia haikutengenezwa kwa ajili ya wakwe. Mwenye kupiga kasia anatazamana uso kwa uso na yule aliyekaa nyuma. Kwa hiyo wewe uligeuka ukanipa mgongo, ukaushika ufito wa kuvulia, na tukazungumza hivyo, wewe ukiyaambia maji na mimi nikiuambia mgongo wako. Nilikuwa na raha. Nakuambia kweli, sijawahi kuwa na raha na baba yangu mzazi kama niliyokuwa nayo na mgongo wako. Ulinieleza namna ya kwenda polepole kando ya mafunjo ili mwavuli usizame wala usipande juu. Ulinitania kuhusu tai yangu ya ofisini. Uliniuliza, kwa kuzunguka sana, kama Raeli anakula vizuri na hali yake ile.

Kisha ufito ukapinda mpaka ukagusa maji.

Yule samaki, besi, alikuwa mkubwa kuliko wote niliowahi kuona. Alipokuja juu niliuona ule mstari mweusi wa ubavuni na mdomo wake mpana kama mfuko. Ulimvuta hadi ubavuni mwa mashua, ukainama ukaushika mwavuli kwa mkono, ukauinua. Hapo akajirusha. Akapita chini ya mashua na mwavuli ukaruka nyuma, na ndoana tatu zikaingia kwenye kaptura yako, kila moja upande wake. Samaki alivuta kwenda chini, kaptura ikakuvuta, na wewe ukalalia ukingo wa mashua huku maji yakianza kuingia. Viboko walikuwa hapo karibu, tuliona masikio yao.

Kisu nilikuwa nacho mimi.

Ulisema, "Kata uzi, mkwe! Mwache aende!"

Nilisikia vizuri. Uzi ulikuwa mbele ya macho yangu, ule mmoja uliomshika samaki. Mkono wangu ukaupita. Niliwaza: samaki kama huyu hatapatikana tena, lakini kaptura zipo dukani. Niliwaza hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepanga mizigo kwenye behewa. Nikapasua kaptura kutoka kiunoni hadi chini.

Ndani hukuvaa kitu. Na nani wakati ule alivaa?

Mashua ilikaa sawa. Nilidaka ufito nikavuta, na vyote vikaja: mwavuli, kaptura na samaki. Nikageuka nikicheka, nimeshinda, kukuonyesha. Ulikuwa umesimama ndani ya mashua ukiwa umejifunika kwa kofia, na kofia yako ilikuwa ndogo.

"Sasa umeniona," ukasema.

Nilikuvulia koti langu, nikakutupia bila kutazama, nikafumba macho nikaanza kupiga kasia. Sijui tulikwenda muda gani. Nilichosikia ni wewe: "Karani! Fungua macho, tunazunguka mahali pamoja kama kuku mwenye ugonjwa wa mdondo!" Ukacheka. Ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi sikuweza.

Tulipokaribia ukingoni uliniambia bila mzaha, "Unajua ya kufanya. Blanketi. La kijivu, lenye mistari myekundu kwenye pindo. Na usikawie, baridi inakuja."

Jioni ile Mama mkwe alimkaanga yule samaki. Wewe ulikula ndani, mimi nikala nje kwenye kigoda. Watu wawili wenye jambo kama lile hawali pamoja mpaka limalizwe. Tangu siku hiyo hatukula pamoja tena, Baba. Samaki yule alikuwa mtamu. Naona haya hata kuandika hivyo.

Kwa nini sikuleta blanketi? Nimejiuliza hapa kwenye kiti hiki mara nyingi. Duka liko barabara ya pili tu kutoka ofisini kwetu. Niliyaona, ya kijivu, yamekunjwa dirishani. Lakini Raeli angeuliza ni la nini. Wenzangu wa ofisini wangeuliza. Mimi ni karani, nasoma somo kanisani, na nilijiona nikisimama mbele ya watu na blanketi mkononi kueleza habari ya makalio ya mkwe wangu. Nikawaza kwamba jambo lililoonwa na watu wawili tu katikati ya maji linaweza kuachwa huko huko. Nikajiambia mwisho wa mwezi. Kisha mwisho wa mwezi mwingine.

Baridi ikaja kama ulivyosema. Kifua kikakushika. Tulipopata habari kwamba umelazwa, niliomba ruhusa kazini, na kabla sijajibiwa ikaja habari nyingine. Sisemi blanketi lingekuponya. Nasema tu kwamba ulikuwa umeliomba.

Hatukuweza kukusafirisha hadi nyumbani magharibi, kwa sababu ya vibali na hali ya hatari hii isiyokwisha. Tulikuzika huko huko Naivasha. Raeli, na tumbo lake lote, alikaa chini karibu na kichwa chako. Mimi nilisimama nje ya ua. Sikuruhusiwa kuiona maiti yako kabla sijakufunika, hilo nililijua, na nilikuwa nimekuja mikono mitupu. Niliwasikia wanawake wawili wakipita. Mmoja akasema, "Yule ndiye mkwe? Mbona haingii?" Mwenzake akajibu, "Karani wa Nakuru huyo, anaogopa vumbi la viatu." Nikayapokea. Niliona afadhali niitwe mwenye maringo kuliko kusema ukweli.

Jeneza liliachwa wazi mpaka alasiri. Nilifikiri wanamngoja mchungaji.

Basi wiki iliyopita mwanao Zakayo alikuja Nakuru. Alitumwa na Mama kuuliza habari ya jina la mtoto. Tulitembea hadi karibu na stesheni, na huko, kelele za mabehewa zikinisaidia, nikamwambia. Nilimwambia yote, mwavuli, kisu, kofia. 

Zakayo alisimama akanitazama. "Shemeji," akasema, "ni hiyo tu? Hiyo hadithi Baba alitusimulia jioni ileile. Aliisimulia mpaka jikoni kambini. Mpishi alikuwa anamwomba airudie."

Baba mkwe, mlijua wote! Ulikuwa umeisimulia kwa furaha, kumbe, na ukawaambia kwamba mkwe wako ataleta blanketi, kwamba ni mtu wa utaratibu na ataleta lile lile ulilotaja. Kila nilipokuja kuwatembelea walinitazama mikono. Nikija na sukari, wanasema labda safari ijayo.

Kisha Zakayo akaacha kucheka. Akaniambia kwa upole, na upole wake ulinichoma, "Siku ya mazishi Mama alikataa jeneza lifungwe. Mchungaji alikuwepo tangu asubuhi. Mama alisema, mngojeeni, ameenda kulitoa blanketi kwenye mzigo. Tulikungoja wewe."

 Treni ya mizigo ilipita na tukaiacha ipite yote.

Jana nilikuja. Nililibeba blanketi mikononi, wazi, bila karatasi, kutoka stesheni ya Naivasha hadi kwako, na kuku mmoja kwapani. Raeli alitembea mbele na mtoto. Njiani alikuwa bado hajui anicheke au anipige. Nadhani aliamua kucheka, maana mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mama alikuwa jikoni, nami nikasimama uani nikiwa nimegeukia zizi, kama inavyopasa. Hakusema nami. Alisema na Zakayo, aliyekuwa katikati yetu, ingawa nilisikia kila neno.

"Mwambie aliyepaswa kufunikwa hayupo."

"Mama anasema aliyepaswa kufunikwa hayupo."

"Mwambie mimi siwezi kwenda kufunika udongo. Udongo hausikii baridi."

Zakayo akarudia. Nikatikisa kichwa nikilitazama zizi.

"Na mwambie amekonda. Huko Nakuru hawapiki?"

"Mama anasema umekonda, shemeji."

 Nikasikia nyayo za Raeli zikiingia jikoni, kisha kitu kama kilio kilichomezwa. Mama akasema, sasa kwa sauti ya kutaka majirani wasikie, "Leteni hilo blanketi." Zakayo akalichukua mikononi mwangu. Baadaye Raeli aliniambia kwamba Mama alilikunja mara nne, akamzungushia mtoto mpaka akabaki pua tu, akamnyanyua na kumwambia, "Nathani, mkwe wako amekufunika. Amechelewa, lakini amekufunika."

Ndivyo alivyopata jina. Nilipewa chakula ndani, katika chumba chako, nikala na Zakayo sahani moja. Sikushiba. Najua kwamba mtoto amefunikwa na wewe hukufunikwa, na hakuna mtu hapo nyumbani aliyejaribu kuniambia kwamba ni sawasawa. Nawashukuru kwa hilo.

Kuna habari nyingine ndogo. Zakayo ndiye anayewatembeza wageni sasa. Bado anautumia mwavuli wako, ila ameondoa ndoana nne na kubakiza ile ya katikati. Anasema besi wanakuja vilevile, mmoja mmoja. Na kila anapokwenda ziwani anafunga mkanda.

Leo mchana, baada ya kanisa, Raeli alimwogesha mtoto hapa sakafuni kwenye karai. Nilikuwa kwenye kiti changu. Alipomvua nguo nikasimama nikageukia ukuta. Sikupanga, mwili ulifanya wenyewe. Raeli akasema, "We, unafanya nini?" Nikamwambia, baba yako anaoga. Akacheka hadi maji yakamwagika, akasema ni mtoto wako mwenyewe huyo, geuka unipe taulo. Nikampa taulo kwa mkono wa nyuma. Sijui kama mila yetu inadai hivyo. Sikumbuki mzee yeyote aliyenifundisha.

Lakini nakuahidi, Baba mkwe, nitageuka. Kila siku atakapoogeshwa, mpaka awe mkubwa wa kufunga mlango mwenyewe, mimi nitatazama ukuta. Watanicheka, na hawatakosea.

Pumzika, Baba. Raeli ananiita, mtoto ameamka.

Mkwe wako,
Ezekieli