Ving'ang'anizi Mgongoni

Simbo, Kigoma
Mwanzo wa kiangazi

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Najua neno hilo litakuchekesha, maana kwetu Rumonge tulikuwa tukikuamkia kwa kukukumbatia tu, lakini huku mtoto asiyesema shikamoo huonekana hana kwao. Basi shikamoo, na uiitikie kwa sauti ili nami niisikie huku ng'ambo ya mpaka. Goti lako la kushoto linasemaje? Bibi bado anagombana na kuku? Na macho je? Kwa kuwa najua hayawezani tena na maandishi, nimemwomba katekista Simeoni, anayekuletea barua hii, akusomee mwenyewe. Katekista, nakuheshimu kama baba, lakini nakusihi usome kila neno, usiruke hata lile litakalokuudhi. Nawe Mama, usimpe kiti cha kuegemea. Mpe kile kigoda cha bibi. Sababu utaisikia mbele.

Sasa kaa vizuri. Mama, Deo mwanao yu hai. Nimemwona kwa macho yangu, nimemshika masikio yote mawili, na hivi ninavyoandika yuko hapa uani anakula ugali wangu na dagaa wangu kama mtu anayedai haki yake.

Nimeanza na hili kwa sababu ujumbe wako ulinifikia. Nimesikia kwamba baba mdogo amechoka kungoja, kwamba mkishavuna maharage mtamaliza kilio cha Deo, atajwe pamoja na marehemu wa ukoo, na kwamba ndizi za pombe ya urwarwa zimeshafukiwa shimoni ziive. Mama, nakuomba kwa magoti, msimlilie mtu anayekula.

Naijua sauti ya baba mdogo, naisikia hata hapa: "Habari za njiani hizo!" Wala simlaumu. Yule wa kwanza alikuja kuwaambia amemwona Deo akiuza sabuni, ukamchinjia jogoo, kumbe alikuwa na njaa tu. Wa pili akaapa kwa Biblia, ukalia upya kuliko mwanzo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana sikuandika mistari miwili ya kusema yupo, basi. Nakusimulia yote jinsi yalivyokuwa, na mwisho nitakupa ushahidi ambao hata baba mdogo hataweza kuukataa.

Unayakumbuka maua ya ving'ang'anizi, kule kilimani kwa bibi, hapo unapokaa sasa? Wewe unayakumbuka, lakini acha nimweleze katekista asije akadhani ukoo mzima tumerukwa na akili. Ni yale maua madogo ya buluu, madogo kuliko kifungo cha shati, majani yake marefu yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Ua likianguka huacha mbegu nne zimeketi pamoja kama watu wanaokula sahani moja. Kila mbegu ina vijino, ikigusa nguo haitoki mpaka uing'oe kwa kucha. Basi sisi watoto tulikuwa na mchezo: unamnyemelea mwenzio, unambandika ving'ang'anizi mgongoni bila yeye kujua, na akiingia navyo mlangoni kwa bibi, huyo ndiye wa kwenda kisimani. Hakuna rufaa. Hata wewe Mama ulishawahi kuchota maji na nguo zako za kanisani, nami sijasahau ulivyonuna.

Mimi kwa haraka zangu nilibandika mstari uliopinda tu. Deo alikuwa fundi. Yeye hubandika nne pamoja, kama zilivyoketi ndani ya ua, halafu moja chini, akiiita mkia. Shuleni hakutaka kushika kalamu, lakini mkia wake hakuusahau hata siku moja.

Sasa huku nilikuwa nimeyasahau maua hayo. Nipo kwa Mama Zuhura, yule Muha niliyekwambia habari zake, anayenipa kazi ya kuchemsha mawese kila nikipata kibali cha kutoka kambini. Mdomo wake ni pilipili na moyo wake ni asali. Yeye ni Mwislamu, na Jumapili ananifukuza: "We Konsolata, hujaenda kwa Mungu wako mpaka sasa? Ondoka, sufuria haina dini!" Siku moja mwisho wa mvua alinituma kuni njia ya juu, kando ya kijito, ndipo nikayaona yale ya buluu yamejaa. Nilicheka peke yangu. Kisha nikalia, Mama, siwezi kukuficha. Niliporudi nimejaa mbegu, Mama Zuhura akauliza mimi ni mtu au ni jamvi. Nikamfundisha mchezo. Sasa tunachoteshana maji, na mzee mzima yule ana mkono mwepesi kuliko mwizi.

Huku ufukweni Ujiji yako mengine ya ukoo huohuo, nadhani, kwa jinsi majani yanavyokwaruza: maua meupe kwenye kikonyo kilichojikunja kama mkia wa mbwa. Niliwahi kujaribu mbegu zake. Hazishiki hata blanketi. Kila ukoo una jamaa wa namna hiyo, na sitamtaja wa kwetu.

Jambo lenyewe lilitokea Ujiji. Mama Zuhura alinipa dumu la mawese nimpelekee mteja wake wa mtaa wa Kasingirima. Nilipofikisha nikapitia sokoni. Mbele yangu alikuwa akitembea mama mmoja mnene, mwendo wa heshima, kikapu kitupu kichwani. Na katikati ya mgongo wake, juu ya kanga, zimekaa mbegu nne pamoja na moja chini.

Mama, mtu mwenye akili angesema, "Samahani, bi mkubwa." Mimi nilimrukia. Nikaikamata kanga kwa mikono miwili, hapohapo mbele ya wauza dagaa.

"We binti! Unanivua nguo sokoni mchana kweupe?" Watu wakaanza kupiga kelele za mwizi. Nami badala ya kujitetea napiga kelele, "Usiikung'ute! Tafadhali, usiikung'ute kanga!"

Nusura nipigwe. Lakini machozi yalikuwa yananitoka, na yule mama, anaitwa Bi Tabu, aliwanyamazisha wote kwa mkono mmoja. Akanivuta kando, akaniketisha juu ya gunia tupu. "Haya sema, mwanangu. Kanga yangu imekufanya nini?"

Nikamwonyesha. Akasema, "Haya magugu tu. Nilikuwa huko juu, njia ya Kasulu, nabadilisha dagaa kwa maharage. Kila nikienda narudi nayo."

Nikamwambia, "Bi mkubwa, mtu akipita majanini hushikwa pindoni. Pindo lako ni safi. Hizi zimepandaje mpaka katikati ya mgongo?"

Akalitazama pindo lake. "Yupo kijana mbeba magunia," akasema polepole. "Mrundi. Ndiye hunitwisha kikapu. Mcheshi kupita kiasi."

"Anaimba akibeba?"

"Anaimba. Vibaya mno."

"Mawe, mama yangu! Ni yeye!" nikapiga ukelele, na soko lote likageuka tena.

Bi Tabu alikuwa anapanda tena huko wiki iliyofuata. Nikampa jina langu na mahali nilipo amwambie. Lakini nikafikiri: Deo naye ameshadanganywa na wangapi? Mrundi yeyote kambini anajua watu wanaokuja na jina la ndugu yako ili wapate chakula. Nikamwomba anisubiri, nikaja na ving'ang'anizi kutoka kijitoni, nikambandika mgongoni mstari wangu uliopinda.

"Yaani mimi sasa ni ubao wa shule?" akauliza. Lakini Mungu ambariki, alikaa mbele ya lori njia nzima bila kuegemea, mpaka dereva akadhani ana jipu.

Siku zile za kungoja sizielezi. Nilimwaga mawese, nikaunguza sufuria, Mama Zuhura akaacha hata kunigombeza, ndipo nikajua kwamba naye anaogopa.

Kisha asubuhi moja nimeinama nakoroga, nikahisi kitu kimenigusa mgongoni, kidogo tu. Nikadhani ni Mama Zuhura na mchezo wake. Nikasema bila kugeuka, "Leo sichoti, nimeshakuhisi." Mara nikamwona Mama Zuhura yuko mbele yangu, amesimama mlangoni, kiganja mdomoni.

Na nyuma yangu sauti ikasema, "Konso, nenda kachote maji."

Mama, nilikwenda. Sijui kwa nini, lakini sheria ni sheria. Niliichukua ndoo nikaenda kisimani nikilia kwa sauti kama mtoto, na Deo ananifuata nyuma akicheka na kulia vilevile, mpaka wanawake wa kisimani wakauliza nani kafa. Nikawaambia, "Hakuna aliyekufa! Leo hakuna aliyekufa!" Ndoo ilibaki kisimani, tulirudi mikono mitupu, tumeshikana.

Amekuwa mrefu, mabega kama mlango. Sharubu zake ni za kuhurumia. Anasema alipokimbia akavuka mpaka aliambiwa nyumba yetu Rumonge imebaki majivu na hakuna aliyetoka. Hakwenda kambini, akashika kazi za mashambani huko juu, mara kulima, mara kupalilia, mpaka kubeba magunia. Na kila mtu aliyeteremka kuelekea ziwani, muuza dagaa, fundi baiskeli, hata padri, aliondoka na mkia wa Deo mgongoni. Kila msimu mbegu zilipokauka, alijaza mfukoni.

Nikamuuliza, "Kama uliambiwa hakuna aliyetoka, ulikuwa unatuma kwa nani?"

Akachota maharage, akatafuna kwanza, unamjua. Kisha akasema, "Niliambiwa. Sikuona."

Nimefurahi, Mama. Sina neno jingine la kulipamba. Naamka nacheka. Namsikia akikoroma upande wa pili wa ukuta, mkoromo uleule wa Baba, Mungu amrehemu, na sitaki anyamaze. Mama Zuhura amewaambia watu wa hapa kuwa amepata mtoto wa kiume bila uchungu wa kuzaa. Tumekwenda naye kambini, ameandikishwa kwangu. Kuvuka kuja huko bado hajaruhusiwa, na mimi sitaki avuke kwa kujificha, tumeshafukuzwa vya kutosha. Lakini njia itafunguka, naye atakuja kula kwenye ile sahani yake uliyoikataza isitumiwe na mtu.

Nilimwambia aongeze mistari yake mwishoni hapa. Akakataa. "Mama hajui mwandiko wangu," akasema. "Anajua mkia wangu." Akainuka, akaenda kumuaga katekista Simeoni, aliyekuwa uani anangoja barua. Alimuaga vizuri sana, Mama, kwa kumkumbatia.

Basi nisalimie bibi, mwenye kilima chake, umwambie kisima chake kimetukutanisha wajukuu wake huku mbali. Nisalimie shangazi Perpetua, mkunga aliyetupokea sote duniani, umwambie hesabu yake bado haijapungua. Nisalimie jirani Zakaria mfua chuma, aliyekaa nawe siku zile mbaya. Na baba mdogo, mdogo wake Baba yetu, nasimama kumwamkia kwa heshima zote: baba, ndizi zile ziache ziive. Pombe itengenezwe, tena iwe kali. Kinachobadilika ni sababu ya kuinywa.

Sasa, katekista, umefika mahali pako. Nakuomba uinuke kwenye kigoda, uendelee kusoma umesimama, na umpe Mama mgongo. Ndiyo, mgongo. Hilo koti lako la sufu usilolivua hata jua likiwaka, leo limefanya kazi ya Bwana.

Mama, tazama chini kidogo ya ukosi, pale mkono wa mwenyewe usipofika. Nne pamoja. Moja chini. Zimesafiri ziwani mpaka huko hazikudondoka, na hakuna mwingine duniani anayezipanga hivyo. Mwite baba mdogo azione kabla hujazigusa. Ukishamaliza kulia, zing'oe taratibu, moja moja, uzipande nyuma ya nyumba ya bibi.

Na wewe, katekista, umeingia navyo mlangoni. Ndoo iko nyuma ya mlango, na kisima ni kuteremka mkono wa kulia.

Ni mimi mzaliwa wako wa kwanza, pamoja na huyu wa pili anayemaliza dagaa,

Konsolata