Jina Lililofutika kwenye Upanga wa Emmett

Chillicothe, Ohio
9 Novemba 1987

Mpendwa wifi yangu Wilma,

Habari za huko Alaska? Magoti bado yanakusumbua? Naomba barua hii ikukute una nafuu. Mimi mwili mzima, moyo ndio hoi.

Asante kwa maua. Kaka yako Emmett tulimzika Alhamisi, mvua ikinyesha. Wenzake wa kukusanya panga za kale za maafisa wa jeshi walikuja karibu wote.

Unaukumbuka ule upanga wa Kapteni Pruett, aliyemwongoza babu yenu vitani? Emmett aliusaka miaka kumi na tisa. Jina la kapteni lilikuwa limechorwa kwenye bapa, hafifu kabisa. Alikuwa akisema, "Hizi nyingine zote za watu. Huu ndio wa kwetu."

Agosti alipolazwa, nikataka kumfurahisha. Niliuona mchafu, wifi. Nikaupiga msasa, kisha dawa ya kung'arishia shaba, siku mbili nzima, ukang'aa kama kioo. Miaka arobaini na moja nimeishi na mtu huyu, sikuwahi kumsikiliza akieleza kwamba ule weusi wa chuma hauguswi. Jina lilikwisha lote, na mimi sina habari.

Aliporudi akaushika, akapitisha kidole kwenye bapa taratibu. Nikamuuliza, "Haya, unauonaje?"

"Umependeza, mama. Kazi umeifanya."

Nami mjinga nikafurahi!

Wiki iliyofuata akaja Vernon, rafiki yake wa panga. Alipouchomoa tu kwenye ala akapiga kelele: "Mungu wangu! Nani kaua hii kitu? Jina liko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kabla sijafungua mdomo, Emmett akasema, "Mimi."

"Wewe? Wewe uliyenifukuza humu kwa kuugusa bila glavu?"

"Mimi, bwana. Uzee huu. Mkono uliniwasha." Akanitupia jicho ninyamaze.

Basi baada ya mazishi, hapa sebuleni, Vernon alikuwa akiwaambia wenzake kwa huruma kwamba mwishoni marehemu akili zilimruka, akauharibu upanga wa Pruett kwa mkono wake mwenyewe. Wakatikisa vichwa. Nilikuwa nimesimama palepale. Nikawauliza nani aongezewe kahawa.

Nisalimie shemeji Roy na binti yenu Darlene. Mungu awakinge na baridi hiyo, na mimi anisamehe.

Akupendaye, mke wa kaka yako,
Lorraine