Jike Hakuna Anayemtaka

Kitinda mimba wangu,

Nakuandikia nikiwa kitandani, maana daktari ameacha kunidanganya. Yule paka dume ameshapata kwao: muuguzi wangu anamchukua, kwa kuwa hujilaza mapajani mwa yeyote. Jike hakuna anayemtaka. Hashikiki, na ukimbembeleza sana anakuparura. Jana kaka yako alimtazama akasema, "Mzee, huyu ni dada yangu kabisa, amekosa viatu tu!" Nikacheka hadi kikohozi kikanikaba. Sikumwambia kwamba ndiyo sababu nampenda kuliko dume. Hulala miguuni pangu akinipa mgongo, lakini haondoki.

Mwanangu, njoo umchukue nikiwa bado napumua. Hata usiponisemesha, keti tu.

Baba yako,
anayekungoja