Kura Yangu kwa Duka la Ghorofa Nne

Dada, shikamoo.

Huku hatujambo. Bomba la jikoni limetengenezwa, viatu ulivyomtumia binti yangu vimemkaa barabara, na paka wako amenenepa kama mwenye nyumba.

Lile duka kubwa lililofungwa, alikofanya kazi Baba, halitabomolewa. Jumatatu kamati yetu ya majengo ya kale ilikaa kikao kuamua kama lina thamani ya kihistoria. Tulikuwa wajumbe saba, wengine wote wageni wa mji. Mmoja akafoka, "Historia gani? Si waliuza soksi na sufuria tu!"

Shahidi wa mwisho alikuwa Baba. Alivaa sare yake ya mwendesha lifti, vifungo vinang'aa, akaeleza alivyopandisha watu miaka thelathini na moja, mabibi harusi kwa wajane.

Ndipo mwenyekiti akauliza kama kuna mjumbe mwenye undugu na shahidi, maana huyo hapigi kura. Nilikuwa nimeshahesabu: watatu wa upande wetu, watatu wa kubomoa, na mimi. Nikasema, "Mzee huyu simfahamu." Baba alikuwa amesimama hapo hapo.

Tukashinda kwa kura moja, dada. Yangu.

Baba hajanigombeza, wala hajamwambia mtu. Ila jana nilipobisha hodi nyumbani kwake, alifungua akiwa na sare ile ile, akarudi nyuma hatua moja kunipisha, akauliza kwa adabu zote: "Ghorofa ya ngapi, mheshimiwa?"

Njoo, tafadhali. Bado sijamjibu.

Mdogo wako