Punje ya Tisini na Tisa

Jumatatu, 8 Septemba

Leo natimiza miaka sabini na moja. Nimezika matanuri matatu, mameneja sita na mke mmoja. Wa pili alinizika yeye, nikiwa hai, akaolewa kwingine. Mkono wangu bado hautetemeki. Huyu meneja wa saba nitamzika pia — kikazi lakini, Mungu ampe umri.

Asubuhi ametukusanya kiwanda kizima cha mikate. Makoti meupe, kila mtu. Halafu akabandika karatasi: pete, bangili, mikufu, hirizi, tasbihi, rozari, vyote marufuku kazini. Eti usafi. Kusoma nimejifunzia ngumbaru, tena uzeeni, lakini neno tasbihi nililiona kabla hajaligusa kwa kidole!

Hajui huyu. Mkate mimi naupimia tasbihi. Nikifunga mlango wa tanuri naanza: punje tisini na tisa, mizunguko saba. Mungu ametajwa, mkate umeiva. Miaka arobaini haujaungua hata mmoja. Ile ya mwaka wa mafuriko haikuungua. Ilikolea.

Jumanne, 9 Septemba

Meneja kaniletea saa ya kuhesabia. Yai la plastiki, lina betri. Likifika mwisho linalia kama kifaranga kilichokanyagwa. Kasema kwa adabu, dini iko moyoni, mzee wangu, si mkononi. Nikamuuliza: huo mkate unaonywea chai kila siku umeokwa kwa kumtaja Mungu, sasa unataka uokwe kwa betri? Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Mama Rozari, mkandaji wetu wa unga, naye kavuliwa rozari yake. Aliachiwa na marehemu mama yake. Mimi nalalamika kwa sauti, yeye analia kimya huku anakanda. Nikamwambia usijali, bibie, mimi nipo. Akasema, "Hilo ndilo linalonitisha, Babu."

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeshinda! Jana nilikaa juu ya gunia, mikono kifuani, sikugusa tanuri. Meneja akaoka mwenyewe kwa yai lake. Mikate ilitoka — basi, ilitoka. Sitaki kuizungumzia.

Leo kalegea. Wenye midomo wanasema ni kwa sababu Mama Rozari aliingia ofisini akazungumza naye nusu saa, taratibu, kama mtu na mwanawe. Labda. Lakini aliyekaa juu ya gunia ni nani?

Tumepatana hivi. Tasbihi ibaki upande wa tanuri, isivuke kwenda meza ya kukandia. Rozari ivaliwe ndani ya koti. Ila punje moja tu ikikutwa ndani ya mkate, zote mbili marufuku, yangu na ya Mama Rozari, na mimi nikapumzike nyumbani moja kwa moja. Nikasema wote wasikie: uzi huu umewashinda mameneja sita! Mama Rozari akanikanyaga mguu.

Nyumbani. Nikafanye nini nyumbani? Niiokee redio?

Jumamosi, 13 Septemba

Balaa.

Mikate mia moja na ishirini ya hospitali ilikuwa imeshatoka, gari linanguruma mlangoni. Naanza mkupuo wa pili — kidole kikafika mwisho mapema. Nikasema uzee huo. Nikarudia. Tisini na nane. Nikarudia tena, pole pole, kama natafuta chawa. Tisini na nane!

Punje za mti. Moja imepasuka ikachomoka. Na asubuhi — naandika kweli, hakuna anayesoma — nilivuka. Nilikwenda meza ya kukandia, tasbihi mkononi, kumwonyesha Mama Rozari vidole vyangu vinavyokimbia. Kujitapa tu. Mkupuo wa kwanza nikauhesabu huku bado napiga soga, sikuhisi upungufu.

Nikamnong'oneza. Mkono wake ukaenda shingoni, juu ya koti. Nikangoja anitukane.

"Kaseme kwa meneja," akasema.

"Wataichukua na yako, bibie."

"Mgonjwa akivunjika jino, au akipaliwa, nitaisali vipi hiyo rozari? Kaseme, Babu!"

Nikaenda mwenyewe, kwa miguu yangu. Yeye alinishika kiwiko tu. Kwa nguvu kidogo.

Meneja hakufoka. Alizuia gari, akakunja mikono ya koti, akasema tuipasue yote. Tukakaa watatu, tunachana mikate ya moto, makombo mpaka magotini. Wa hamsini na tatu, Mama Rozari akakuta kitu kigumu. Akakipangusa.

Kifungo. Cheupe.

Tukatazama makoti. Langu limetimia. Lake limetimia. La meneja, pale tumboni, halina kifungo, shati linachungulia. Kumbe asubuhi naye aliinamia unga, kuangalia kama tunafuata kanuni! Mama Rozari akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Mimi nikafungua mdomo — nikakanyagwa mguu mwingine.

Meneja akakitia kifungo mfukoni. "Tuendelee, mzee wangu," akasema. Masikio mekundu kama tanuri.

Sasa kaenda kuipigia hospitali simu. Nami naandika hapa hapa, juu ya mfuko wa unga. Mikate tisini na sita imechanwa, punje haijaonekana. Kuhusu marufuku hajatamka neno, wala mimi simuulizi. Nasikia anarudi. Kama nimeongeza chumvi, Mama Rozari yupo, kifungo alikishika kwa mkono wake. Na meneja mwenyewe yupo. Akikana, atajibu akiwa amevaa koti lile lile.