Mama Anajua

Kaka mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi tunapumua. Mama anakula vizuri, miguu imepunguza kumsumbua, na ulimi wake bado ni wembe: jana kamwambia muuguzi anayekuja kumpima presha kwamba kwa mikono ya barafu namna ile, amwonee huruma mumewe.

Kwenye simu ulinikaripia. Ulisema namdanganya mama kila anapouliza baba anarudi saa ngapi, ukashangaa mwalimu wa mantiki mzima kulea uongo. Nakujibu leo.

Mantiki niliyofundishwa inadai kwamba ajuaye jambo anajua na yote yatokanayo nalo. Kazi yangu chuoni ni kutafuta kanuni za akili za kweli, zile zinazochoka, zenye nafasi ndogo, zinazoweza kujua hiki na kile zisipate nguvu ya kuviunganisha. Wenzangu wanafikiria kompyuta. Mimi namfikiria mama.

Mwanzoni nilimwambia ukweli. Alilia kama siku ya msiba, akasahau, akauliza tena, nikamwambia tena, akafiwa upya. Ikawa namzika baba kila asubuhi. Kisha siku moja nikimsuka nywele alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, najua baba yenu amekufa. Lakini nikilishika hilo siwezi kushika kingine, hata kijiko. Niache nilitue."

Tangu hapo simkumbushi. Akiuliza, namwambia baba hayupo. Anaitikia, tunaendelea kukunja nguo.

Lipo jambo sikuthubutu kulisema kwenye simu. Juzi aliitungua ukutani picha yako ya mahafali, akaniuliza huyu ni mtoto wa nani. Nikamwambia ni wako, mama, kifungua mimba wako. Akaitazama, akaifuta vumbi kwa pindo la gauni, akasema nisimtanie. Kijana mtanashati namna hiyo, mama yake ana bahati.

Njoo, kaka. Usingoje likizo. Pengine hatakujua. Lakini atakukaribisha kiti, maana hilo hajalisahau.

Mpe wifi salamu zangu, na wanao uwabusu kwa niaba ya shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba