Lukwele ni ya Wilaya Gani?

Lukwele, Mgeta
14 Juni

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza kuuma. Mimi sijambo, ila mgongo umechakaa kwa kufyatua tofali. Msalimie sana dada Pendo na wanawe.

Ningeweza kupiga simu, lakini haya si ya simu. Ungekata, au ningekata mimi.

Nilikuaga kwamba naja Morogoro kutafuta kazi. Kazi nimefanya, lakini kilichonileta ni kumtafuta Baba. Nilikuwa na majina mawili tu, Lukwele na Morogoro, nikadhani yanatosha. Niliposhuka stendi ya Msamvu nilijiona nimefika. Miezi mitano nilikaa Bigwa, hapo hapo mjini, na kila Jumamosi nikitoka kazini nawazungukia wenyeviti wa mitaa. Hakuna aliyemjua Muha aitwaye Castory. Mmoja alinicheka, akasema hata aliyepotelewa na mbuzi hutaja kata. Mama Mwanahawa, anayetuuzia chakula, akawa ananiita Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, eti naukagua mkoa mzima kwa miguu.

Mwezi uliopita tulipelekwa kujenga Mzumbe. Nikauliza na huko, nikajibiwa kwamba pale si manispaa tena, ni Wilaya ya Mvomero. Nikachanganyikiwa, maana mji hauko mbali. Fundi wetu Severini, Mluguru wa milimani, akaniketisha juu ya mfuko wa saruji, akauliza hiyo Lukwele ni mtaa au kitongoji. Nikasema kitongoji, ndivyo nikumbukavyo. Akashika kichwa. Akasema, ndugu yangu, miezi mitano umeitupa, mjini kuna mitaa, vitongoji vikatafute vijijini! Akanieleza kwamba kitongoji kimo ndani ya kijiji, kijiji ndani ya kata, kata ndani ya tarafa, halafu wilaya, ndipo uufikie mkoa. Mimi nilishika chini kabisa na juu kabisa, katikati kote sina kitu. Akampigia shangazi yake huku Mgeta. Shangazi akasema Lukwele ni ya kwao, wilaya hiyo hiyo ya Mvomero, na yuko mzee mmoja wa Kigoma, mkali, analima kabichi.

Nikapanda mlima, Mama. Mwenyekiti wa kitongoji alifungua daftari la wakazi, na Baba yumo. Anaishi peke yake. Mbele ya jina lake imeandikwa: mke na watoto wawili, wapo Kasulu.

Sasa nikwambie nililijuaje jina la Lukwele. Nikiwa darasa la sita, katekista alinipa barua yako niilete nyumbani. Niliisoma njiani. Baba aliandika kwamba amepata pa kulima kitongoji cha Lukwele, Morogoro, tumfuate sote watatu. Nilikuwa na hasira naye, kwa vile alituacha tukilala na njaa. Nikaichana, nikaitupa mtoni. Miaka kumi na minane watu wanakuita mke aliyekimbiwa, na yeye anaamini ulimkataa. Ni mimi niliyefanya hayo.

Nimeshamwambia. Hakunipiga. Siku ya tatu akanipa jembe.

Tofali nimeziacha. Sitoki huku mpaka uandike. Usinijibu mimi, mwandikie yeye, hata kama ni kumkatalia. Nitaipokea barua yako na kumkabidhi mkononi, bila kuifungua.

Nisalimie majirani na wote wa jumuiya.

Mwanao,
Elia Castory